Kompyuta inakawia kuchoma DVD za harusi? Nunua kwa mpangilio huu

Harusi Jumamosi, na Jumatatu alfajiri ndugu wa bibi harusi wanataka nakala kumi wapande nazo kivuko cha Nansio. Wengi wetu hapa Mwanza tukibanwa hivyo hukimbilia SSD, diski ya kuhifadhia yenye kasi. Mimi nilinunua. Windows ikawaka upesi, lakini video ya saa mbili ikageuzwa kuwa ya DVD kwa muda uleule. Kazi ya kugeuza ni ya prosesa. Diski inaisubiri tu.

Kwa hiyo namba moja ni prosesa. Kwenye kompyuta za mezani za mtumba, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha nne kwa kawaida ina kori 4, yaani vitengo vinne vya kufanya kazi. i7 ya kizazi hicho nayo ina 4, ila kila kori inabeba kazi mbili kwa mpigo, na mara nyingi inaingia kwenye bodi ileile. Mpe fundi namba ya bodi kabla hujalipa. Ila kwanza fungua kava. Yangu ilikuwa na vumbi lililoganda chini ya feni kama kipande cha blanketi, na prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe. Brashi na pasta mpya ya kupoozea prosesa ni gharama ndogo sana.

Namba mbili, UPS, betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika. DVD-R huchomwa mara moja tu. Umeme ukikatika katikati, diski hiyo ni ya kutupa.

Namba tatu, raita (kichomea DVD) ya pili, uchome nakala mbili kwa pamoja. Lakini tafadhali, geuza video mara moja, hifadhi faili la ISO, yaani DVD nzima ikiwa faili moja, nakala zote zitoke humo. Nimeona watu wakirudia kugeuza kwa kila diski, usiku kucha! DVD ya GB 4.7 ikijaa, kwa kasi ya 8x inachukua kama dakika nane. Mimi siendi 16x: dakika chache unazookoa hazifidii diski inayokwama kwenye deki ya mteja.

Baada ya hapo SSD, na RAM ya GB 8.

Kadi ya grafiki naiweka mwisho. NVENC, sehemu ya kugeuza video ndani ya kadi za NVIDIA, inatengeneza video za muundo wa H.264 kwa kasi kubwa, ila DVD inataka muundo wa MPEG-2, na hiyo haiitengenezi. Kama wateja wako wamehamia kwenye flashi na simu, ambako H.264 ndiyo inayotumika, kadi hiyo ipandishe iwe ya kwanza.