Grande GX110 ya namba C: injini haina gharama, vipande vya mpira ndivyo vinavyokula hela

Toyota Mark II Grande GX110 ilianza kutoka kiwandani mwaka 2000 na ikakoma mwaka 2004 Mark X ilipochukua nafasi yake. Maana yake hata ile ya mwisho kabisa sasa imeshavuka miaka 20. Langu ni namba C, yaani herufi za usajili zinaanzia C, nimelinunua kwa mtu hapa hapa Dar kwa milioni 7 na laki 2. Kuagiza Japan sikuhangaika nako, kwa sababu gari la umri huo linatozwa ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine zote, na ukipiga hesabu unajikuta umefika bei ya gari la miaka ya karibuni.

Kwa utulivu barabarani sina la kulalamika. Silinda sita kwenye mstari mmoja, ukishavuka Chalinze unasahau kama injini ipo. Mafuta inakunywa, tusidanganyane: kwenye foleni ya mjini napata kama kilomita 7 kwa lita, safari ndefu 11.

Kabla hujatoa hela, soma kibati cha chesisi. Ikiwa GX, ndani kuna injini ya 1G ya cc 2000. Ikiwa JZX, hiyo ni 1JZ ya cc 2500, na baadhi yake ni D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. D-4 ina pampu ya presha kubwa na inajaza masizi, na mafundi wengi wa mtaani hawaitaki hata kuiona. Muuzaji atakwambia "Grande ni Grande tu". Si kweli.

1G inatumia taiming beti, mkanda unaopanga valvu na pistoni zisigongane, sio cheni, na hii ya VVT-i (yenye valvu zinazobadilisha muda wa kufunguka) beti ikikatika valvu zinagongana na pistoni. Kiwango cha kubadilisha ni kilomita 100,000, lakini dashibodi ya gari la miaka 20 mimi siiamini. Aliyeniuzia alisema beti ilibadilishwa juzi juzi. Fundi kufungua kava, ina nyufa kama udongo wa kiangazi. Beti 140,000, tensheni 60,000, wota pampu 120,000, ufundi 80,000. Pampu ilikuwa bado inasukuma, ila ukishafungua mbele ya injini ni ujinga kuifunga ya zamani halafu urudi kulipa ufundi ule ule.

Halafu kuchemsha. Gari likiwa kwenye mwendo mshale umetulia, ukikwama Ubungo unaanza kupanda. Dalili hiyo mara nyingi ni klachi ya feni, kwa sababu feni ya gari hili inazungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, na ikichoka feni inazunguka kivivu injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Lakini fundi wa kwanza alikuwa na dawa moja tu: tutoe themostati, kile kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, nchi hii ina joto, haihitajiki. Ugonjwa huu wa mafundi wetu unanikera kuliko feki za spea. Ukitoa themostati injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inadhani gari bado ni la asubuhi na inaendelea kuongeza mafuta, nawe unabaki unalaumu vituo vya petroli. Kumbe hata langu ilishatolewa na mmiliki fulani huko nyuma, na rejeta imejaa kutu ya maji ya bomba, kichwa chake cha plastiki kimeanza kupasuka. Rejeta mpya 220,000, klachi ya feni ya mtumba 70,000, themostati 35,000, kulanti 60,000, ufundi 50,000. Tangu hapo mshale haujanyanyuka tena hata kwenye foleni ya jioni ya Ijumaa.

Hela kubwa ilikwenda chini ya gari. Miguu yote minne inajitegemea na kila tairi lina mkono wa juu na wa chini, ndiyo maana Grande inateleza vizuri kwenye lami. Ila hesabu bushi (mipira ya kwenye maungio) na boljointi (maungio ya duara) zilizomo humo, kisha kumbuka bushi hizo na kava za boljointi ni mpira wa miaka 20 uliopitishwa kwenye matuta na mashimo yetu. Langu lilikuwa linagonga ko-ko-ko kila likishuka tuta, na tairi za mbele zinaliwa upande wa ndani. Bushi na boljointi 680,000, shokapu nne 620,000, ufundi 150,000, alaimenti 30,000. Kariakoo nzima utauziwa "555 original", chapa ya Kijapani ya spea za miguu. Box zuri si ushahidi, nenda na fundi anayejua kuipima kwa mkono. Chuma, kama mkono wenyewe au klachi ya feni, nanunua mtumba wa Japan bila wasiwasi. Mpira wa mtumba sinunui, hata nikipewa bure, maana una umri ule ule wa ninaoutoa.

Kumisi, yaani silinda moja kuruka kuwaka, kulinisumbua kidogo. Fundi mmoja alitaka tubadilishe koili zote sita zinazopeleka moto kwenye plagi. Mwingine alihamisha koili moja kutoka silinda hii kwenda ile, kumisi kukahama nayo, tukajua mbovu ni hiyo hiyo: 45,000 mtumba. Plagi zilikuwa zinaogelea kwenye oili iliyovuja kutoka gasketi ya kava la valvu. Mpira tena! Gasketi 50,000, plagi sita 180,000, ufundi 30,000. Oili ya giaboksi nilimwaga nikaweka aina iliyoandikwa kwenye dipstiki, 150,000. Usikubali kuchanganyiwa yoyote.

Jumla milioni 2 na laki 7 na elfu 70, juu ya bei ya kununulia. Ukiambiwa Grande ni ya milioni 7, weka 10 pembeni ndipo uende kuitazama. Reki ya usukani imeanza kulowa, sili zimechoka, fundi anataka 350,000. Bado haidondoshi, kwa hiyo naongeza hydrauliki na kusikilizia mwisho wa mwezi.