Kabla ya Kununua Vipasha Joto vya Viti vya Gari, Uliza Nyuzijoto Ngapi

Majira ya baridi yaliyopita mama yangu aliungua paja akiwa ameketi ndani ya gari langu, na hakusikia chochote. Tulikuwa tunatoka kliniki kurudi nyumbani hapa Minneapolis, siku ambayo nje kulikuwa na nyuzijoto 22 chini ya sifuri, na foleni ya barabara kuu ya 94 ilitushikilia karibu saa nzima. Nilikuwa nimemwashia kiti cha joto, kifaa nilichokinunua kwenye duka la mtandaoni na kukifunga kwa mikono yangu wiki mbili kabla. Usiku, alipokuwa akijiandaa kulala, aliniita: "Mwanangu, hebu nitazame hapa nyuma ya paja, nikipapasa naona kama pana maji." Palikuwa na malengelenge mawili. Mama ana kisukari cha miaka mingi, na ganzi imempanda kutoka nyayoni hadi mapajani. Joto ambalo mimi ningelikimbia baada ya dakika chache, yeye alilikalia safari nzima bila kujua.

Wengi wetu tulioko nchi za baridi tunanunua magari yaliyotumika ambayo hayakuja na viti vya joto, kisha tunatafuta vifaa vya kuongeza wenyewe. Kazi yenyewe inawezekana kwa mtu mwenye subira na spana nzuri. Kununua ndiko kunakotuponza, kwa sababu tunalinganisha bei, umbo la swichi na idadi ya pedi, yaani vile vitambaa vya kupasha joto vinavyobandikwa kwa gundi chini ya kava la kiti, mambo ambayo kila tangazo linayaeleza kwa kirefu, na hatuulizi swali moja ambalo karibu hakuna tangazo linalolijibu: kifaa hiki kikiachwa kimewashwa, joto lake linaishia wapi, na ni kitu gani kinachokizuia kisipande zaidi?

Ngozi huungua hata kwa joto la wastani endapo itaguswa kwa muda mrefu. Moritz na Henriques, watafiti wa Harvard, walionyesha mwaka 1947 kwamba joto la nyuzijoto 44 za Selsiasi linaloigusa ngozi bila kuondolewa huiunguza baada ya takriban saa 6, na kwamba kila nyuzijoto moja inayoongezeka juu ya hapo, hadi kufikia 51, hupunguza muda huo kwa karibu nusu. Kwenye nyuzijoto 49 tunazungumzia dakika kama 10 tu. Mtu mwenye hisia timamu hujisogeza au huzima swichi kabla mambo hayajaharibika, lakini mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi, mtu aliyepooza, au aliyesinzia kwa sababu ya dawa, hajisogezi. Hata asiyeungua anaweza kuota mabaka ya kahawia yenye umbo la wavu kwenye mapaja kwa kukalia joto la wastani kila siku, na madaktari wameshaandika kuhusu wagonjwa waliopata mabaka hayo kutokana na viti vya gari.

Nilipoanza kusoma nilidhani serikali imeshaweka kikomo. Mwaka 2011 madaktari wa majeraha ya moto pamoja na watetezi wa usalama wa magari waliiandikia NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani ya Marekani, wakiomba viti vya joto viwekewe kikomo cha joto na vijizime vyenyewe baada ya muda fulani, lakini kanuni ya shirikisho yenye kikomo hicho haikutoka. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukuuzia pedi za umeme za kukalia, akakuandikia kwamba zinapata joto haraka, na asikuandikie namba hata moja.

Kifaa kilichomuunguza mama kilikuwa na swichi yenye alama mbili, juu na chini, na mimi niliamini kwamba alama hizo ni viwango viwili vya joto vinavyosimamiwa. Nilipokitoa na kukichunguza niligundua kwamba hakikuwa na kidhibiti joto cha aina yoyote. Swichi ilibadilisha tu namna pedi ya kukalia na pedi ya mgongoni zinavyounganishwa: ukiweka juu, kila pedi inapata volti 12 zote, ukiweka chini, zinaunganishwa moja baada ya nyingine, kila moja inapata nusu ya volti, na nguvu yake inashuka hadi robo. Mpango huo hauna habari na joto la kiti. Pedi inaendelea kuvuta umeme uleule iwe kiti ni baridi kama barafu au kimeshakuwa moto, na kadiri kilichoikalia kinavyozuia joto kutoka, yaani mwili wa mtu, koti zito na sponji nene ya chini, ndivyo linavyozidi kujikusanya.

Kidhibiti joto cha kweli ama ni kidude kidogo kilichoshonewa ndani ya pedi ambacho hukata umeme joto likifika mahali pake na kuurudisha likishuka, ama ni kihisi chenye nyaya zake kinachopeleka taarifa kwenye kisanduku cha kuongoza. Ukipapasa pedi kwa vidole mara nyingi utakipata kama uvimbe mgumu wenye ukubwa wa harage. Angalia kama kipo kwenye pedi zote mbili, kwa sababu baadhi ya vifaa vina kimoja tu kwenye pedi ya kukalia na kuiacha ya mgongoni iende inavyotaka. Kisha mwandikie muuzaji na umuulize joto la juu kabisa ni nyuzijoto ngapi. Nilifanya hivyo kwa wauzaji kadhaa. Mmoja alinijibu kwamba ni "joto la kupendeza", mwingine akaniambia inategemea hali ya hewa. Majibu ya namna hiyo yanatosha kukufanya uache kununua.

Hata muuzaji akitoa namba, pima mwenyewe kabla ya kubandua karatasi ya gundi. Mimi hutandika pedi juu ya kipande cha sponji, nikaingiza kipimajoto cha waya katikati, nikaifunika kwa blanketi lililokunjwa mara mbili, nikaweka juu yake mfuko wa mchele wa kilo 20, kisha nikaunganisha kwenye betri ya gari kupitia fyuzi, na kusimama hapo hapo kwa dakika 40 nikiandika namba kila baada ya dakika 5. Kifaa kizuri hupanda, kisha namba zinaanza kucheza mahali pamoja. Kile changu cha kwanza nilipokipima kwa njia hiyo kilipita nyuzijoto 55 na kilikuwa bado kinapanda nilipokizima.

Sasa niseme ningenunua nini. Ninachokipenda, na sifichi upendeleo wangu, ni vifaa vya Rostra, kampuni ya North Carolina. Pedi zake ni za kaboni, nyaya zake huja zimeshafungwa pamoja na relei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi kwa mpangilio ambao hauhitaji kubuni kitu, na nilipokiweka chini ya mfuko wangu wa mchele joto lilipanda likatulia mahali ambapo ningeweza kuacha mkono wangu bila wasiwasi. Nimekifunga kwenye kiti changu cha dereva na huu ni msimu wake wa pili. Bei yake ni mara kadhaa ya vile vya bei ya chini, na nililipa bila kinyongo, kwa sababu gharama ya kumhudumia mama kidonda cha mwenye kisukari, ambacho kilichukua wiki saba kufunga, ilizidi bei hiyo kwa mbali.

Nafasi ya pili naipa kifaa cha Dorman, kampuni ya vipuri vya magari, hasa kwa anayetaka kukishika kifaa kabla ya kulipa, maana unaweza kukipata kwenye maduka ya kawaida ya vipuri, na duka ambalo lina kaunta na mtu wa kurudishia mzigo lina thamani kubwa kuliko punguzo la bei. Nacho ni cha kaboni. Nimekiweka cha pili kwa sababu nimeshaizoea Rostra, na mtu mwingine akivipindua viwili hivi sitabishana naye.

Cha tatu ni kubadilisha kava zima kwa ngozi inayokuja na vipasha joto ndani, kama wafanyavyo wateja wa Katzkin, kampuni ya kava za ngozi za viti. Kiti hupendeza kama kimetoka kiwandani, lakini hiyo ni kazi ya fundi wa viti na inagharimu kwa maelfu ya dola, na bado unapaswa kumuuliza fundi swali lilelile kuhusu pedi atakazotia chini ya ngozi hiyo.

Vifaa visivyo na jina vinavyouzwa jozi kwa bei ya chakula cha watu wawili, pamoja na mito ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, sina mengi ya kuviandikia. Visivyo na kidhibiti joto visinunuliwe.

Kuhusu nyuzi za kaboni na waya wa kawaida, tofauti yake huonekana wakati wa kufunga. Kiti cha gari kina mifereji ambamo kava huvutwa chini na kufungwa kwa pete za chuma, na pedi haina budi kuivuka mifereji hiyo. Pedi ya waya ikikunjwa hapo, waya husogeleana na kuzaa sehemu yenye moto zaidi, na siku moja hukatika. Pedi nyingi za kaboni huruhusu kukatwa kwa urefu, au kutobolewa katikati ambapo hakuna njia ya umeme, ili pete zipite; fuata michoro ya mtengenezaji na usikate penye ukanda wa shaba. Nunua pia koleo la pete na pete mpya, kwa kuwa za zamani hazirudi zikishakatwa.

Sasa nirudi kwa wauzaji, kwa sababu bado nina uchungu nao. Yule aliyeniuzia kifaa cha kwanza alikataa kurudisha pesa kwa hoja kwamba gundi ilikuwa imeshabanduliwa, kana kwamba mtu anaweza kujua kasoro ya pedi ya kubandika bila kuibandika. Gereji moja niliyoiendea baadaye ilinitajia gharama ya ufundi inayozidi mara tatu bei ya kifaa kwa kiti kimoja, na nilipouliza wanatumia pedi za aina gani, aliyekuwa kaunta hakuweza kunitajia. Watengenezaji wa magari nao hawana huruma: Cadillac iliuza viti vya joto kama nyongeza tangu mwaka 1966, lakini hadi leo katika magari mengi ya kawaida huvipati mpaka ununue daraja la juu lenye ngozi, redio kubwa na mambo mengine usiyoyahitaji. BMW ilifika mahali pa kutoza ada ya kila mwezi katika baadhi ya nchi mwaka 2022 kwa viti ambavyo tayari vilikuwa na nyaya ndani, kabla ya kuachana na mpango huo mwaka uliofuata. Watu wa kipato chetu wanasukumwa kwenye vifaa vya kujifungia, na huko hakuna anayewalinda.

Ukishapata kifaa kinachofaa, anza kwa kuondoa waya wa hasi wa betri na kusubiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari kabla ya kugusa plagi za manjano chini ya kiti, kwa kuwa hizo ni za eabegi, mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Kila kiti huvuta takriban ampea 4 hadi 5, kwa hiyo chukua umeme kwenye fyuzi inayokufa ufunguo ukizimwa, la sivyo utaamka asubuhi ya Januari na betri tupu. Waya wa ardhi uufunge kwenye bolti iliyoshika bodi yenyewe, na rangi uikwangue kwanza.

Kiti cha abiria wa mbele kinahitaji tahadhari ya peke yake. Magari yaliyouzwa Marekani tangu katikati ya miaka ya 2000 yana kihisi kinachotambua kama aliyeketi hapo ni mtu mzima au mtoto, na hicho ndicho huamua kama eabegi ifunguke. Toyota nyingi hutumia vipima uzito kwenye miguu ya kiti, ambavyo huhitaji kurudishwa sifuri kwa kompyuta ya gereji baada ya kiti kung'olewa. Katika magari mengi ya General Motors (GM) kihisi ni mfuko wenye kimiminika chini ya sponji, na mfuko huo, sponji na kompyuta yake huuzwa kama seti moja kwa sababu vimepimwa pamoja. Kubandika kitu juu yake ni kuvuruga kipimo hicho. Taa ya eabegi ya abiria ikionyesha kitu tofauti na aliyeketi, toa pedi.

Mimi mwenyewe niliamua kutoifunga tena upande wa abiria. Mama sasa hujifunika blanketi la sufu juu ya khanga yake, na mimi huwasha gari likiwa nje ya gereji dakika 15 kabla hajatoka mlangoni.