Tundu limetobolewa pembeni, halafu naambiwa ndivyo rekodi ilivyo

Nimeitafuta santuri hii ya jazz muda mrefu: Sunday at the Village Vanguard, iliyorekodiwa kilabuni mbele ya watu, ya Bill Evans kwenye piano, Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye dramu. Nilishaisikiliza kwenye simu mpaka nikajua glasi zinagongana wapi na nani anacheka wapi. Toleo jipya lilipotangazwa niliagiza siku hiyohiyo. Likafika majuzi, limefungwa vizuri kabisa.

Hata dakika moja haikuisha. Piano ilikuwa inalewalewa. Evans anabonyeza noti, anaiacha ivume, nayo inapanda kidogo, inashuka, inapanda tena. Noti ya piano ikishapigwa mpigaji hawezi kuipindisha, kwa hiyo kuyumba kote kule kulikuwa kwa santuri yenyewe. Nikainama, macho usawa na mashine, nikautazama mkono wa sindano: unakwenda kushoto, unarudi kulia, kila mzunguko, bila kukosa. Nikaweka santuri zangu nyingine tatu, mkono ukatulia tuli. Tundu la katikati halikutobolewa katikati. Basi.

Makosa ya kiwandani hutokea, hilo nalielewa. Kilichonichemsha damu ni jibu. Niliwatumia walioniuzia video ya mkono unavyoyumba, mhudumu akanijibu: "Ndugu mteja, hiyo ni rekodi ya zamani ya kilabuni, sauti yake ndivyo ilivyo." Nikamweleza tena kwa upole. Akanakili jibu lilelile.

Ndivyo ilivyo! Rekodi hii ilifanyika Jumapili tarehe 25 Juni 1961, New York, kwenye kilabu hicho cha Village Vanguard, kilicho chini ya ardhi. Walipiga seti tano, kuanzia mchana mpaka usiku, watu wakinywa na kuzungumza. Hitilafu ya siku ile inajulikana: umeme ulikatika kidogo walipokuwa wanapiga Gloria's Step mara ya kwanza, na iliyoingia kwenye santuri ni ile waliyoirudia baadaye. Piano haikuwa imelewa. Msimsingizie Evans.

Na tazama kibao chenyewe kilichoharibiwa. Gloria's Step ndicho kinachofungua upande wa kwanza, na kilitungwa na LaFaro. Siku 11 baada ya Jumapili ile alikufa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 25. Evans na mtayarishaji wake, Orrin Keepnews, walichagua vibao vya santuri hii ili besi yake isikike vizuri. Hii ni kumbukumbu ya marehemu. Mtu akiipitisha kiwandani bila hata kuangalia tundu, mwingine akaniuzia, wa tatu akaniambia masikio yangu ndiyo mabovu, nikasirike vipi kiasi?

Hapo nilikuwa nimeshaandika kwamba asiinunue mtu yeyote, nyota moja, na hiyo moja ni ya boksi. Nikageuza upande wa pili ili nirekodi ushahidi zaidi.

Upande wa pili umenyooka.

Mkono haukutikisika hata kidogo; kumbe tundu liko pembeni kwa mifereji ya upande wa kwanza tu. Alice in Wonderland ikaanza na nikasahau video. Brashi za Motian zilikuwa pale pale chumbani, zinafagia ngozi ya dramu. Na LaFaro hakai nyuma kushika mapigo kama wapiga besi wengi; Evans akisema jambo, yeye anajibu, mara anamtangulia, mara ananyamaza kumwachia nafasi. Kwenye simu nilikuwa nayasikia hayo, ila sikuwahi kusikia kidole kikiuacha uzi. Mwisho kabisa ikaja Jade Visions, nayo ni yake pia: taratibu, anavuta nyuzi mbili kwa pamoja, sauti nzito inakuja hadi kifuani. Nilibaki nimekaa, sindano inazunguka kwenye mfereji wa mwisho.

Sasa niwape nyota ngapi? Kwa huduma hawapati hata moja, hapo sibadiliki. Ukitaka kununua toleo hili, hakikisha muuzaji anakubali kubadilisha, na siku linapofika anza kwa kuangalia mkono wa sindano. Lakini kusema usinunue kabisa, siwezi tena.

Baada ya kubishana wiki nzima wamekubali kunirudishia pesa, mradi niirudishe. Boksi liko mezani, nimelifunga kwa seloteipu. Jana usiku nilikata seloteipu, nikausikiliza upande wa pili wote, nikalifunga upya. Leo asubuhi nimelikata tena.