Kitalu nyumba cha futi 6 kwa 8: vuli mbili za Leicester, vipandikizi, miche na bonsai ya jirani

Nilikinunua Septemba 2023 kwa pauni 340, na msingi wake wa chuma nikalipia kando pauni 45. Fremu ya alumini, kuta na paa za polikaboneti, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ya milimita 4, mlango wa kusukuma pembeni, dirisha moja tu la paa. Chapa sitaitaja. Vya aina hii viko vingi mtandaoni, na nitakayoyasema yanavihusu karibu vyote vya bei hii.

Kwetu Lushoto ukitamka vuli, mtu anatazama mawingu. Ni mvua za Oktoba mpaka Desemba, ndipo mama alipokuwa anang'oa miche ya kabichi kitaluni na kuipeleka shambani ikiwa na udongo wake mizizini. Hapa Uingereza vuli ni majani kupukutika na mwanga kukatika. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na siku hizohizo mwanga wa mchana unashuka chini ya saa 10 kwa siku. Mche ambao haujajijenga kufikia hapo unasimama vilevile mpaka Februari, haufi wala haukui. Giligilani niliyosia katikati ya Septemba tuliila Novemba nzima. Trei ya pili niliisia Oktoba 20, na Krismasi ilikuwa bado na majani mawili yaleyale. Kwa hiyo anayetaka kununua kitalu kwa ajili ya vuli, akinunue Agosti.

Kukiunganisha kulituchukua siku mbili, mimi na mume wangu, na bolti tatu hazikuwemo. Maelekezo ni michoro mitupu. Jambo moja wangeliandika kwa herufi kubwa: upande wa ubao wa plastiki wenye nailoni ya maandishi ndio unaotazama nje, maana ndio wenye kinga ya jua. Sisi tuligeuza mbao nne kabla mume wangu hajagundua, ikabidi tuzitoe upya na vidole vimeshakufa ganzi.

Sasa niseme lile lililonifanya niandike. Tangazo lilisema kitalu hiki "kinahifadhi joto" na "kinarefusha msimu". Mimi nafanya zamu za usiku, natoka saa moja na nusu asubuhi, na kabla sijaingia ndani napita kitaluni kusoma kipimajoto. Ni kile kinachohifadhi kiwango cha chini na cha juu, na nina kimoja ndani na kingine nje. Usiku usio na mawingu nje ikifika nyuzi 3 chini ya sifuri, ndani inakuwa 2 chini ya sifuri. Tofauti ni nyuzi moja, na mara chache sana mbili. Mchana jua likitoka, hata la Novemba, ndani kunapanda hadi 19 wakati nje ni 8, lakini likizama lote limekwenda. Plastiki ya milimita 4 haina cha kushikilia. Inachozuia ni upepo na mvua, na inachokifungia ndani ni unyevu.

Unyevu huo ndio ulionitia hasara vuli ya kwanza. Nilikuwa na vipandikizi 24 vya jeraniamu, nilivyovikata vizuri kabisa: urefu wa sentimita 10, chini kidogo ya kifundo, majani ya chini nimeyatoa, nikavianika nusu siku ili kidonda kikauke kabla ya kuvichomeka kwenye mboji iliyochanganywa na perilaiti, zile chembe nyeupe nyepesi zinazofanya udongo usishikane. Baridi ilipoanza nikafanya ambalo kila mama angelifanya. Nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikabandika kutani ile plastiki yenye vipovu wanayofungia vyombo, nikawasha hita ndogo ya mafuta ya taa. Kumbe lita moja ya mafuta ya taa ikiungua inatoa mvuke unaozidi lita moja ya maji. Asubuhi paa lilikuwa linanidondoshea matone shingoni.

Ukungu wa kuozesha mimea ulianzia kwenye jani moja lililoanguka juu ya udongo. Lilikuwa na manyoya ya kijivu, mafupi, kama jivu lililotulia juu ya kaa. Nilipolishika likafuka vumbi, na vumbi hilo ndilo mbegu ya ukungu wenyewe. Wiki moja baadaye mashina yakawa laini na meusi usawa wa udongo. Nilizika 14.

Jirani yangu ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Jinja, alifika Leicester 1972 pamoja na wengine waliofukuzwa Uganda. Kiswahili chake bado kipo, na kwa mambo ya mimea ndiye mwalimu wangu. Alikuja, akasimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja tu.

"Dada, fungua dirisha. Hizi hazikufa kwa baridi, zimekufa kwa maji ya hewani."

"Mzee, nikifungua si joto litatoka?"

"Joto gani, dada? Soma kipimajoto chako."

Nikasoma. Ilikuwa nyuzi 4 ndani, nyuzi 3 nje.

Tangu siku ile hita iko stoo. Vuli ya pili nilifungua dirisha kila siku saa nne asubuhi, nikafunga saa tisa, na mlango nikauacha wazi upana wa kiganja hata siku za ukungu wa nje. Maji natia asubuhi tu, kwa kijiko, pembeni ya shina. Jani likianguka linatoka siku hiyohiyo. Vipandikizi vilikuwa 24 tena, na nilipoteza 3. Hapa ndipo ninapokipunguzia kitalu hiki alama: dirisha moja la paa kwa ukubwa huu halitoshi. Wanauza kifaa cha kulifungua lenyewe, chenye nta inayotanuka ikipata joto, nami nilikinunua. Kiangazi ni msaada mkubwa. Vuli hakifanyi kazi, kwa sababu asubuhi ya nyuzi 6 yenye unyevu nta haitanuki, na asubuhi hiyo ndiyo unayohitaji hewa kuliko zote. Itakubidi utumie mkono wako.

Kwa bonsai, ile miti inayodumazwa ndani ya chungu kidogo, nasema kwa moyo wote kwamba pesa yangu imerudi. Yule mzee alinipa mti wa elmu ya Kichina ya miaka kumi na kitu, shina lake nene kama kifundo cha mkono wangu, kwenye chungu chenye kina cha vidole vitatu. Mti wenyewe unahimili baridi. Tatizo ni mizizi, maana ardhini ingekuwa chini ya udongo mwingi, na kwenye chungu kile ubaridi unaipiga kutoka pande zote. Tuliuweka sakafuni, chini ya meza, mbali na jua la mchana. Majani yaligeuka manjano polepole, nusu yakaanguka, nusu yakabaki. Mzee alinifundisha kuchomeka kijiti cha mwanzi kwenye udongo na kukiacha dakika tano: kikitoka kimekoza rangi kwa unyevu, usimwagilie. Udongo wake ni akadama, chembechembe za udongo wa Japani zinazobadilika rangi zikikauka, kwa hiyo hata macho yanatosha ukishazoea.

Bonsai yake nyingine, mepo ya Kijapani, alikataa isiingie. Alisema mchana wa jua mle ndani ungeidanganya ikachipua kabla ya wakati, ikakutana na baridi kali ikiwa na majani mateke. Ilikaa nje nyuma ya ukuta wa kaskazini na tukaihamishia kitaluni kwa usiku chache tu.

Kuna mmea mmoja ambao kitalu hiki hakiuwezi, na ni wa kwetu. Ile saintpaulia ya zambarau (African violet) inayouzwa madukani hapa kwenye vikopo asili yake ni misitu ya Usambara, na ilipata umaarufu Ulaya baada ya Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa koloni la Wajerumani, kutuma mbegu zake Ujerumani miaka ya 1890. Jani lake moja linatosha. Unalikata na kikonyo cha sentimita 3, mkato wa mshazari, unalichomeka. Haipendi chini ya nyuzi 15, kwa hiyo inakaa jikoni, juu ya mkeka wa umeme wa wati 20, ndani ya kisanduku chenye mfuniko. Baada ya miezi miwili niliinua mfuniko nikaona chini ya jani la zamani majani matatu mapya, madogo, ya mviringo, yenye manyoya, kama masikio ya vitoto vya panya. Nilimwita mume wangu kutoka usingizini.

Mwisho ni upepo. Jumamosi ya tarehe 7 Desemba 2024, dhoruba Darragh ilipopita, mbao mbili za upande wa magharibi zilipinda, zikachomoka kwenye klipu zake na kuruka hadi uani kwa jirani. Fremu haikutikisika kwa sababu ule msingi wa chuma tuliufunga kwenye zege. Mbao zote sasa zina gundi ya silikoni kwenye kingo, mirija mitatu imetosha, na hazijatoka tena. Kazi hiyo ifanyike siku ya kwanza, kukiwa kukavu, kabla hujaingiza chungu hata kimoja.

Nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Vipandikizi vya mwaka huu nimevikata Agosti 28, na meza ya elmu imeshafagiliwa chini.