Mziki wa rafiki yangu, na fundi aliyenidharau

Nisiwazungushe. Nimedharauliwa, tena sebuleni kwa rafiki yangu, mbele ya shemeji na watoto, na kijana ambaye bisibisi yake bado ilikuwa na kibandiko cha bei. Anayetaka maoni ya mtu aliyetulia akatafute kwingine.

Rafiki yangu anakaa Mikindani. Msimu uliopita wa korosho, baada ya mnada wa pili kama siyo wa tatu, hela ilipoingia akapanda bajaji mpaka Mtwara mjini akanunua mziki wa ndani. Sisi huku kila chenye spika tunakiita sabufa, lakini hii si sabufa. Ni amplifaya moja na spika mbili ndefu, zimesimama chini, mtoto wa darasa la tatu zinamfika begani. Mambo ya wati na blutuu na matundu ya nyuma yameandikwa kwenye boksi, kasomeni wenyewe. Ila ile namba yenye sifuri nyingi iliyochapwa kwa wino mwekundu isiwatoe udenda. Hakuna nyumba ya Mikindani inayoweza kubeba wati hizo, wala amplifaya ile haitazitoa hata ukiiwekea maji ya Zamzam.

Akanipigia. "Mjomba, njoo usikilize. Wewe miziki umeishika miaka yote. Niambie ukweli, usinifiche."

Hilo "usinifiche" ndilo lililoniponza.

Mimi kazi yangu ni kukodisha mziki. Harusi, maulidi, watoto wakitoka unyago, mikutano ya hadhara, na misiba. Hilo la misiba lishikeni, linarudi.

Nilifika siku ya mapumziko, maana watoto wote walikuwepo. Sebule ya vigae, kuta za tofali za saruji, juu bati tupu bila dari. Nyumba ya namna hiyo sauti yoyote ukiitupa inakurudia usoni, kwa hiyo tangu mlangoni nilishajiambia nitausamehe mziki wa watu mambo mengi. Spika zilikuwa huku na huku ya runinga, bado zimevaa nailoni. Shemeji alikuwa amepika pweza wa nazi. Rafiki yangu akaweka taarabu, taa za spika zikaanza kucheza, bluu, nyekundu, kijani, na nyumba nzima ikaacha kuangalia mziki ikawa inaniangalia mimi.

Nikasema, "Inapiga."

Kila Mswahili anajua maana yake. Ni kama kuambiwa na mgeni kwamba mchuzi wako "si haba". Rafiki yangu naye si mjinga.

"Inapigaje?"

Nikatafuna pweza kwanza. Ukweli ni kwamba kinanda kilikuwa kinachoma sikio, fidla zipo, vigelegele vipo, ila bezi hamna. Taarabu nzima inaelea hewani haina miguu. Halafu mwimbaji hana pa kusimama. Spika mbili zikipangwa sawa, ukikaa katikati yake unamsikia mwimbaji yuko mbele yako, kama amejificha nyuma ya runinga. Huyu alikuwa kila mahali na hayupo popote, kichwa kinauma kumtafuta. Shemeji, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema vizuri kuliko mimi akiwa mlango wa jikoni: "Huyu dada mbona anaimba kama yuko chooni?"

Hapo nikajua ugonjwa. Nikaomba rimoti, nikaisukuma sauti yote iende spika ya kushoto, ile ya kulia ikanyamaza. Bezi ikaja! Vikombe kabatini vikaanza kugongana. Nikairudisha ya kulia, zikapiga zote mbili, bezi ikapotea tena. Nikarudia mara tatu ili kila mtu asikie. Spika moja inakupa bezi kuliko mbili. Hiyo siyo sauti mbaya, hiyo ni waya zimepishana.

Nikamweleza kwa lugha ya nyumbani. Kila spika ina nyuzi mbili, chanya na hasi. Ukizichomeka sawa pande zote, spika zote zinasukuma hewa kwa pamoja na kuivuta kwa pamoja. Ukigeuza upande mmoja, hii inasukuma wakati mwenzake anavuta, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu yuko ndani na yule nje. Mlango utakwenda wapi? Na kwa nini kinanda hakipotei? Kwa sababu wimbi la bezi ni refu mno. La mitetemo 50 kwa sekunde lina karibu mita 7, sebule yenyewe haifiki. Mawimbi makubwa hivyo yakikutana yanamezana. Yale madogo ya vinanda yanapenya kivyake vyake, mengine yanakutana, mengine yanapishana, ndiyo maana unabaki na makelele ya juu matupu.

Nikaangalia nyuma. Waya fupi zilizokuja na spika zilitolewa, fundi wa duka akavuta ndefu zake, nyeupe, za nyuzi mbili, zote nyeupe, hazina mstari wala alama. Kosa jepesi. Dakika mbili tunamaliza. Nikanyoosha mkono.

"Usiguse, mjomba, waranti itakufa!"

Haya. Akapigiwa fundi.

Alikuja na bodaboda jioni, miwani ya jua kichwani. Naomba niseme kitu: hakuinama. Katika muda wote aliokaa pale hakuinama hata mara moja kuangalia nyuma ya ile amplifaya. Alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akasikiliza nusu wimbo.

"Tatizo nini? Mbona mziki mnene huu."

Nikamwambia, kwa adabu, mwanangu, hebu angalia waya za kulia, nadhani zimegeuka.

"Mzee ni fundi?"

"Mimi ni mtu wa miziki."

"Miziki gani?"

Hapo mtoto wa rafiki yangu, kwa mapenzi tu, akadakia: "Anakodisha! Alipiga kwenye msiba wa bibi!"

Kijana akacheka. Siyo kutabasamu, kucheka. "Aaa, basi nimeelewa. Mzee, hizi siyo spika zako za msibani. Hizi za kisasa. Zikiwa mpya bezi inakuwa imebana. Zipeni wiki mbili zizoee nyumba, bezi itafunguka yenyewe."

"Itafunguka kama ua?"

"Wiki mbili, mzee."

Nikamgeukia rafiki yangu. Swahiba wangu tangu tunaogelea ghubani hatuna hata kaptula. Akaangalia chini, akasema, "Mjomba, tumwachie fundi."

Spika za msibani! Tangu siku hiyo nikilala naisikia. Hivi kijana yule anajua msiba ni nini kwa mtu wa mziki? Turubai limefungwa kwenye mwembe, watu mia mbili wamekaa kwenye mikeka, nusu yao wazee masikio mazito, upepo wa bahari unapuliza toka ubavuni, na shekhe ana sauti ndogo kama ya kuku mwenye mdondo. Na kila neno lake linatakiwa limfikie bibi aliyekaa mkeka wa mwisho karibu na masufuria, bila kukoroma, bila kupiga ule mluzi wa maiki. Huna bezi ya kujifichia pale. Harusini ukikosea watu wanacheza tu. Msibani ukikosea unakumbukwa miaka kumi. Na mimi sijawahi kukumbukwa kwa ubaya, kamuulizeni yeyote kuanzia Mikindani mpaka Naliendele.

Basi kwa hasira ile nikauhukumu mziki wenyewe. Kwa wiki kadhaa, kila aliyeniuliza, na ambaye hakuniuliza, nilimwambia ule mziki takataka, msinunue, plastiki tupu na taa za disko. Nyota moja, hiyo moja kwa ajili ya pweza. Nilisema hivyo kijiweni, nikasema kwenye bajaji. Sasa naona nililaumu punda kwa kosa la aliyefunga shogi, ila wakati ule mdomo haukuwa wangu.

Nikarudi Mikindani siku nyingine kwa mambo yangu ya turubai. Nikamkuta rafiki yangu barazani na jirani yake, umeme umekatika, joto. Wiki mbili zilikuwa zinakaribia, au zimepita, hatukuhesabu. Nikamuuliza bezi imefunguka? Akasema, "Inaanza anza." Kwa sauti ya mtu anayemsubiri mgeni ambaye simu haipatikani.

Nikasema, umeme hakuna, mziki umekufa kwa sasa, niruhusu niangalie tu. Akapunga mkono: haya, cheza nazo.

Nikaingia na yule mtoto, ananimulikia na tochi ya simu. Hiki kipimo hakitaki umeme, kinataka betri moja ya rimoti, ile ndogo ya volti 1.5. Tukavua vitambaa vya mbele. Nikachomoa waya za kushoto kwenye amplifaya, uzi uliokuwa umechomekwa kwenye tundu la rangi nyekundu, la chanya, nikaugusisha kichwa cha betri, uliokuwa kwenye la rangi nyeusi, la hasi, nikaugusisha kitako. Spika ikafanya "tap", ile sahani ya karatasi ikaruka kidogo kuja mbele. Tukahamia kulia. Nyekundu kichwani, nyeusi kitakoni. Tap.

Mtoto akanitangulia. "Babu, hii inaingia. Ile ilitoka."

Nikamwambia rudia ulichosema. Akarudia. Nikampa betri ajaribu mwenyewe, akajaribu mara tano huku na huku, kila mara anacheka. Kule inatoka, huku inaingia. Miaka minane yule mtoto, na ameona kwa tochi ya simu kitu ambacho mtu wa duka hakukiona mchana kweupe. Nikageuza nyuzi za kulia, tukapima tena, zikatoka zote mbili. Nikarudisha vitambaa na betri ya watu.

Tukasubiri umeme. Haukurudi. Tukanywa chai, haukurudi. Usiku ukaingia, bajaji za kurudi mjini zikawa za kubahatisha, nikaondoka sijasikia kitu.

Kesho yake asubuhi simu. Rafiki yangu, furaha imemjaa mdomoni.

"Mjomba! Imefunguka!"

"Nini?"

"Bezi! Usiku umeme uliporudi tu, mjomba, kabati lote linatetemeka! Jirani kaja kugonga. Yule kijana alisema wiki mbili, na ni wiki mbili kweli. Mafundi wa siku hizi wanajua."

Nikanyamaza. Nikamwambia taratibu, jana nimegeuza waya. Nimegeuza mimi, mtoto alinimulikia, muulize.

"Najua ulizigusa gusa. Lakini ilishaanza kufunguka, mimi mwenyewe nilikwambia, si nilikwambia inaanza anza?"

Kwa hiyo nyota ngapi? Haki ya Mungu, spika zile ni nzuri. Mtu wa kipato chetu akizinunua hatajuta, akiziweka mbali na pembe za ukuta na akatandika mkeka au zulia la maana sebuleni. Nyota nne. Lakini nikimkumbuka yule kijana na miwani yake zinakuwa tatu, na nikikumbuka kwamba rafiki yangu ameshampelekea wateja wawili, zinashuka mbili, najua siyo haki kwa spika, spika hazikunitukana. Duka lenyewe silitaji. Mkinunua popote, angalieni tu waya kama zina mstari, na fundi kama anainama.

Na kusema kweli ule mziki ukipiga sawasawa mimi mpaka leo sijausikia. Siku ile kwenye simu rafiki yangu alisema, "Ngoja usikilize mwenyewe," akaweka taarabu ileile, akaisogeza simu kwenye spika. Na spika ya simu, kidude kidogo kama ukucha, haiwezi kutoa bezi hata uiombe. Nikasikia kinanda kinachoma na vigelegele kwa mbali, na shemeji anacheka nyuma.

"Unaisikia, mjomba? Unaisikia hiyo?"

Nikamwambia naisikia.