Dishi lako au la pamoja? Kwa wapangaji wa Raskazone, Tanga
Mkataba wetu unakataza dishi ukutani. Basi, upiganie lako au ukubali moja la wote juu ya paa?

Lako ni uhuru: king'amuzi unachagua mwenyewe, ukihama unaling'oa. Ila chumvi ya bahari hula boliti, na kusi ikilisogeza kidogo tu, picha imekatika.

La pamoja mnachangia gharama. Likiharibika siku ya Simba na Yanga, jengo zima linamsaka fundi mmoja!

Marekani, tangu 1999, kanuni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, kwa kawaida huzuia mikataba ya upangaji kukataza dishi lisilozidi mita 1 katika sehemu unayoitumia peke yako, kama roshani. Paa la wote halimo.

Mimi ningechukua la pamoja, mradi mkataba utaje nani anamlipa fundi.