Huduma ya utengamao kwa njia ya video: wataalamu wapo, timu haipo

Bando kuisha na picha kuganda vinavumilika. Kinachonikasirisha ni kwamba huduma hii ya utengamao (kumrudishia mgonjwa uwezo wake wa mwili na wa shughuli za kila siku) tuliyomlipia mama yangu baada ya kupata kiharusi inajinadi kuwa timu ya fani mbalimbali, yaani fiziotherapia, tiba kwa vitendo (kujifunza upya kazi za kila siku kama kuvaa na kula), tiba ya matamshi, lishe na uuguzi, ilhali ndani yake hakuna anayesoma alichoandika mwenzake.

Mtaalamu wa matamshi alitueleza vizuri kwamba misuli ya koo ya mama imelegea, na kwamba vinywaji vyepesi huteremka kabla njia ya hewa haijajifunga. Kwa hiyo apewe vilivyotiwa uzito, kijiko kidogo kidogo, akiwa ameketi wima, na asilazwe mpaka ipite kama nusu saa. Muda mfupi baadaye mtaalamu wa lishe, aliyekuwa akishughulikia choo kigumu, akaagiza mama anywe maji glasi nzima asubuhi, mchana na jioni, bila kuuliza lolote kuhusu kumeza. Mdogo wangu alitii. Mama alipaliwa hadi midomo ikabadilika rangi, na hospitalini tukaambiwa ana nimonia.

Nilipopiga simu kulalamika, mhudumu alinijibu, "Dada yangu, kila mtaalamu ana eneo lake, na hawa hawakai ofisi moja." Nikamuuliza mratibu wa mgonjwa huyu ni nani. Alinyamaza, kisha akanikumbusha ankara ya mwezi! Kutokaa ofisi moja ndiko hasa kunakodai faili moja na kikao cha pamoja. Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani linahimiza nchi zijenge nguvukazi ya utengamao yenye fani nyingi, na sidhani kwamba lilikusudia watu watano wasiojuana.

Nilikusudia kuwaonya ndugu wote wasijiunge, lakini haki lazima isemwe. Mama yuko Lushoto, na kumteremsha mara kwa mara kwenye kona za barabara ya Lushoto hadi Mombo, kisha mpaka Tanga, ni mateso. Yule kijana wa fiziotherapia alimwamkia mama "shikamoo" kila kipindi kabla ya jambo lolote, akaomba simu iwekwe chini karibu na kitanda, na papo hapo akaona kwamba tulikuwa tukimnyanyua kwa kumvuta mkono uliopooza. Alitusimamisha, akaeleza kwamba misuli iliyolegea haishikilii tena bega na linaweza kuteguka, kisha akatufundisha kumshika mgongoni. Kwa ajili yake ningewasifu hadharani.

Hata hivyo, nilipomsimulia habari ya maji, alishtuka na kusema ndiyo kwanza anasikia kwamba mama ana shida ya kumeza, na kumbe alikuwa akimlaza chali kwa mazoezi mara tu baada ya uji. Mtu hodari kiasi hicho, nao hawakumpa hata mstari mmoja wa taarifa! Ankara hiyo sitailipa mpaka nipewe jina la mtu mmoja anayesoma faili lote la mama yangu.